Jibu: hamu ya kukusanya kadi za NBA na kuziandikia inavujia wapi, na namna ya kuziba

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema una miaka miwili ukikusanya kadi za picha za wachezaji wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na kuandika kitu kila wiki kuhusu kadi hizo, lakini sasa umepita mwezi hujaandika hata mstari, maboksi yamejaa chini ya kitanda na unafikiria kuuza kila kitu. Waliotangulia wamekushauri upumzike. Sawa, pumzika, ila ukirudi kwenye utaratibu uleule utachoka tena, na safari hii mapema zaidi. Matundu yanayovujisha hamu katika mchezo huu yanajulikana, na mengi yanazibika.

Tundu kubwa ni hesabu ya pakiti, na wengi hawajawahi kukaa chini wakaipiga. Tuseme seti, yaani mkusanyo mzima wa toleo moja, ina kadi 100 na zote zimechapwa kwa idadi sawa, na pakiti huuzwa zimefungwa bila kujua kadi zilizomo. Ukitegemea kufungua pakiti tu, bila kubadilishana wala kununua kadi mojamoja, kwa wastani utafikisha kadi 70 tofauti baada ya kupitisha mkononi kadi kama 119. Hadi hapo raha tupu, karibu kila pakiti ina kitu kipya. Kufika 90 kunadai kadi kama 226. Kumaliza zote 100 kunadai kama 519. Yaani kumi za mwisho peke yake zinakula kadi 293, zaidi ya nusu ya safari nzima, na ile moja ya mwisho kabisa inakula 100 kwa wastani.

Sasa jiulize ni wakati gani mwandishi wa kadi anakosa la kuandika. Ni humo humo, kati ya 90 na 100, anapofungua pakiti ya nane na sura ni zilezile. Mtu anadhani ameishiwa maneno kumbe ameishiwa kadi mpya. Dawa yake: fungua pakiti mpaka ufike 60 au 70 katika kila 100, halafu simama. Andika namba za zinazokosekana, tafuta muuzaji mmoja mwenye nyingi kati ya hizo, na uziagize kwa mkupuo mmoja. Kwa aliyeko Dar, Nairobi au Bujumbura hili lina faida maradufu, kwa sababu usafirishaji wa bahasha moja yenye kadi 30 ni nafuu kuliko bahasha sita za kadi tanotano. Kadi za kawaida za seti ya msingi ni rahisi sana zikinunuliwa hivyo. Ghali ni pakiti.

Tundu la pili ni bei. Watu wengi waliingia, au walirudi, kwenye kadi mwaka 2020 na 2021, wakati wa korona. Kasi ilikuwa kubwa kiasi kwamba Machi 2021 PSA, kampuni kubwa ya kupima kadi na kuzipa daraja la 1 hadi 10, ilisimamisha kupokea sehemu kubwa ya kazi kwa sababu ya mlundikano, na Mei mwaka huohuo maduka ya Target huko Marekani yakaacha kwa muda kuuza kadi madukani kwa kuhofia usalama. Agosti 2022 kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952, namba 311, iliuzwa mnadani dola milioni 12.6. Ukiandika kwa kufuata habari za namna hiyo, andiko lako linachacha kabla ya mwezi kwisha, na bei za kadi za kawaida zikishuka unajikuta unaandika tanzia kila wiki. Mimi naamini bei haifai kuwa kiini cha andiko la mkusanyaji. Iweke kwenye daftari lako la manunuzi, pamoja na tarehe na jina la muuzaji, basi.

La tatu ni kalenda ya watengenezaji. Kila mwezi kuna boksi jipya, toleo jipya la rangi, picha ileile yenye ukingo wa kijani, wa bluu, wa dhahabu. Ukijifunga kuandika kila kinachotoka, kampuni ndiyo inayokupangia kazi, tena bila mshahara.

Kinachofanya kazi ni kuchukua ukurasa mmoja wa faili uwe ndiyo kipimo cha andiko moja. Ukurasa wa mifuko tisa, ule wa kawaida. Seti ya kadi 132, kama ile ya kampuni ya Fleer ya 1986-87 yenye Michael Jordan namba 57, inajaza kurasa 14 na ya 15 inabaki na kadi sita. Hiyo ni kazi ya maandiko 15 yenye mwanzo na mwisho unaouona kwa macho. Seti ya kadi 330 ni kurasa 37, na hapo nashauri ugawe kwa timu au kwa mwaka, kwa sababu maandiko 37 ni mengi mno kwa mtu aliyechoka.

Kuna jambo zuri hapa ambalo wachache wanalitumia. Kadi ya kawaida ina milimita 63.5 kwa 88.9. Kioo cha skana ya A4 kina milimita 210 kwa 297. Kadi tatu kwa upana ni 190.5, kadi tatu kwa urefu ni 266.7, hivyo kadi tisa zinaenea kioo kimoja na nafasi ya milimita kama tano kati yao inabaki. Ukurasa mzima wa faili unaskani mara moja mbele na mara moja nyuma. Tumia nukta 300 kwa inchi, kila kadi itatoka na pikseli 750 kwa 1050, inatosha kusoma maandishi ya nyuma kwenye simu. Weka 600 tu pale unapotaka kuonyesha kona au kasoro ya uchapaji. Futa kioo kwanza kwa kitambaa laini kikavu, maana punje moja ya mchanga inachora kadi na kioo pamoja.

Kinachoharibika mara nyingi: skana nyembamba za siku hizi zinasoma vizuri kitu kilichogusa kioo tu, hivyo kadi iliyo ndani ya kifuko kigumu inatoka na ukungu. Itoe, au ipige picha. Na kadi za kung'aa, zile zenye rangi za upinde wa mvua, kwenye skana zinageuka nyeusi kama lami. Hizo zipige picha kwa simu: mwanga wa dirishani ubavuni, si jua la moja kwa moja, kitambaa cheusi chini, simu sambamba na kadi. Rudi nyuma kidogo na uvute picha mara 2, la sivyo kingo za kadi zitapinda kwenye picha. Kisha inamisha kadi kidogo kidogo mpaka mng'ao uhame usoni kwa mchezaji.

Sasa la kuandika litoke wapi? Geuza kadi. Nyuma ndiko kwenye habari, na wengi wanaandika mbele tu. Soma mstari mdogo wa chini wenye mwaka, angalia takwimu zinaishia msimu gani, angalia namba. Kwenye kadi za Prizm za kampuni ya Panini, zilizoanza msimu wa 2012-13, toleo la kung'aa limeandikwa PRIZM nyuma na la msingi halina neno hilo. Mtu anayetazama mbele tu huuza moja kwa bei ya nyingine. Kwa kadi za zamani zinazoghushiwa sana, kama hiyo ya Jordan, chukua lenzi ya kukuza mara 10 na utazame herufi nyeusi. Kwenye halisi, wino wa herufi umejaa wote. Ikiwa herufi zimeundwa kwa vinukta vya rangi, hiyo imeskaniwa na kuchapwa upya. Andiko la maneno 200 kuhusu jambo moja la namna hiyo lina manufaa kuliko maneno 1000 ya kufungua boksi.

Na kama unataka mada iliyo karibu nasi, hii hapa: wachezaji waliozaliwa kwenye miji inayosema Kiswahili. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa namba 2 kwenye drafti ya 2009, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, na Memphis Grizzlies, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden. Stephen Curry alikuwa namba 7. Msimu huo wa 2009-10 ndio Panini iliingia NBA, kwa hiyo kadi za Thabeet zimo kwenye kurasa za mwanzo kabisa za Panini katika ligi hiyo. Hizi ni kadi za rukii, yaani za msimu wa kwanza wa mchezaji, na pembeni yake utamkuta Griffin ambaye msimu huo hakucheza hata mechi moja kwa sababu ya goti. Ziweke hizo nne kwenye ukurasa mmoja, Griffin, Thabeet, Harden, Curry, halafu uzitazame kwa pamoja. Siku zinachapwa, Thabeet alitangulia wawili kati yao.

Kisha Bismack Biyombo wa Lubumbashi, namba 7 mwaka 2011. Hapa wengi wanapotea. Mwaka ule wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji nje kwa mzozo wa mkataba, na kadi za rukii za darasa zima la 2011, Kyrie Irving na Kawhi Leonard wakiwemo, zikaja kwenye seti za 2012-13. Ukitafuta rukii ya Biyombo kwenye seti za 2011-12 utahangaika bure. Na Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, naye namba 7, mwaka 2021, Golden State. Ongeza Dikembe Mutombo wa Kinshasa, ingawa huko husemwa zaidi Kilingala, namba 4 mwaka 1991: kadi zake za mwanzo zilichapwa enzi ambayo viwanda vilichapa kupita kiasi, hivyo mwanafunzi anaweza kuzimudu. Wachezaji wanne, kadi mbili au tatu kwa kila mmoja, faili halifiki kurasa mbili. Dogo, linamalizika, na sijaona anayeliandika kwa Kiswahili kwa kina. Ningeanza hapo.

Kuhusu mwendo: kila wiki ni kasi kubwa kwa mtu mwenye kazi na familia. Mara mbili kwa mwezi inatosha. Skani kurasa nne siku moja, andika mbili, weka moja akiba isiyoguswa mpaka wiki ya ugonjwa au msiba. Unapomaliza kuandika, usifunge kila kitu. Acha ukurasa unaofuata ukiwa umeshaskaniwa na sentensi moja imeandikwa juu yake, kwa mfano "hii ya Mutombo, angalia timu nyuma". Ugumu mkubwa ni kuanza kwenye karatasi tupu, sentensi ya pili huja yenyewe.

Jingine, ambalo kwa watu wa pwani linaua hamu kimyakimya, ni unyevu. Unafungua boksi baada ya miezi sita unakuta kadi za kung'aa zimejikunja kama ganda la muwa. Sababu ni kwamba upande wa karatasi unanyonya unyevu na kutanuka, upande wa filamu ya plastiki hautanuki. Kadi za miaka ya 1990 zenye mng'ao mzito zikirundikwa kwenye joto hushikana zikawa tofali, na kuzitenganisha bila kuchuna rangi ni bahati. Hivyo zitoe chini ya kitanda leo. Sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pakiti za chembe za kukausha unyevu zile zinazobadilika rangi, juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje. Kila kadi ya kung'aa iwe kwenye kifuko chake. Kurasa za faili ziwe za polipropilini, na ukinusa harufu kali ya plastiki mpya ujue ni PVC, inayolainika na kung'ang'ania uso wa kadi. Mpira wa kufungia noti usiguse kadi kamwe, unakata kingo.

Ukishafanya haya na bado unataka kuuza, uza kwa mpangilio. Anza na marudio, yaani zile nakala za ziada zilizotokana na kuwinda kumi za mwisho. Panga kwa timu, mafungu ya 50, kwa sababu mashabiki wa timu moja hununua fungu kwa mkupuo. Fuata maboksi ambayo hujayafungua. Seti kamili ziwe za mwisho, na ukurasa ule wa Thabeet na wenzake usiuweke sokoni kabisa mpaka umeuandikia. Kwa kila kadi ya thamani: kifuko laini kwanza, kisha kifuko kigumu cha kadi za unene wa pointi 35 (ule wa kadi za kawaida), utepe wa karatasi mdomoni ukiwa umekunjwa ncha ili mnunuzi aweze kuubandua, halafu vipande viwili vya boksi la katoni vikubwa kuliko kadi kwa sentimita moja kila upande. Utepe uguse kifuko kigumu tu. Ukigusa kile laini, mnunuzi atavuta na kadi itatoka na kona imekunjika.