Marumaru Iliyofifia Haihitaji Nta Wala Asidi

SWALI: Salamu kwako, Mshauri. Sebule yetu ina sakafu ya marumaru nyeupe ambayo baba mkwe aliiweka miaka mingi iliyopita. Imefifia, hasa kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya kulia, na mahali maji ya ndimu yalipomwagika pana alama isiyotoka. Nta niliyoipaka iling'aa siku chache, kisha sakafu ikawa chafu kuliko awali. Fundi anashauri tuioshe kwa asidi. Je, nimkubalie?
Msomaji, Milimani, Nakuru

JIBU: Usimkubalie, mama. Marumaru ni jiwe la kaboneti ya kalisi, na asidi huliyeyusha. Alama ya ndimu si uchafu, bali ni mahali ambapo uso wa jiwe umeliwa, na asidi ya fundi itaifanya sakafu nzima ifanane na hapo. Siki na dawa nyingi za kusafishia choo zina madhara yayo hayo.

Kufifia kwa njia ya kutoka mlangoni kuna chanzo kingine. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, marumaru hufikia 3 tu, ilhali mchanga wa kwazi (quartz) hufikia 7. Na vumbi la Nakuru, ambalo kwa sehemu kubwa limetokana na majivu ya volkano za Bonde la Ufa, lina chembe za kioo zinazoikwaruza kila kiatu kinapopita. Nta huifunika mikwaruzo hiyo kwa muda, kisha hunasa vumbi lile lile.

Mng'ao hurudi kwa kusaga. Tafuta fundi wa mawe mwenye mashine ya sahani inayozunguka polepole na pedi za almasi, afanye kazi kwa maji, akipanda kutoka chembe kubwa hadi ndogo: namba 200, 400, 800, 1500 na 3000. Kabla hajaanza, aiondoe nta yote ya zamani, la sivyo itaziba pedi. Pitisha ukucha juu ya mikwaruzo: ukikwama, aanze na namba 100 au hata 50, ukiteleza, 400 yatosha. Kwa kuwa kila pedi hufuta mikwaruzo ya ile iliyoitangulia, fundi anayeruka namba ili amalize mapema atakuachia miviringo itakayoonekana jua la jioni likiingia dirishani, na ndiyo maana nakusihi usimame naye na kuikagua sakafu kabla hajabadilisha pedi.

Baadaye dondosha maji kidogo juu ya jiwe. Jiwe likifanya doa la rangi iliyokolea baada ya dakika chache, lipakwe dawa ya kuzibia vitundu, ambayo huzuia mafuta na chai visipenye, ingawa haizuii asidi.

Utunzaji ni kazi ya kila siku. Weka zulia la kufutia miguu nje ya mlango na jingine ndani, na uliondoe vumbi kwa ufagio laini kabla ya kupiga deki, kwa sababu kitambaa chenye maji husugua mchanga juu ya jiwe. Tumia sabuni isiyo kali, kisha ukaushe, hasa ikiwa maji yenu ni ya kisima kirefu, kwani huacha utando mweupe wa chumvi. Miguu ya viti ivalishwe vipande vya kitambaa kizito.