Kuchagua chuo cha kati cha uhifadhi wa maliasili: kwa vijana wa Pemba na Unguja

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha nne, wazee wa hapa Pemba huniletea suali moja: kijana wao anataka kusomea uhifadhi wa maliasili, aende chuo gani? Njia hiyo nimeipita mwenyewe, kutoka cheti hadi stashahada na baadaye shahada, na kazi yangu ya sasa ni kukaa na kamati za shehia zinazolinda misitu na mikandaa. Nami huwajibu kwa kuwauliza kwanza: kijana anataka kuhifadhi nini, na wapi?

Suali hilo lina uzito kwa sababu vyuo vya kati vya fani hii, ingawa watu huviita vyote vyuo vya maliasili, kila kimoja kina asili yake. Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni chuo cha usimamizi wa wanyamapori. Pasiansi, Mwanza, huandaa askari wa wanyamapori. Olmotonyi, Arusha, ni cha misitu. Mbegani, Bagamoyo, ni cha uvuvi. Ni vyuo vyenye heshima, na anayetamani kufanya kazi Serengeti asisite kwenda Mweka. Lakini anayekusudia kurudi Micheweni au Makunduchi hatakuta tembo wala nyati. Atakuta matumbawe, mikandaa, misitu midogo iliyobanwa na mashamba, kima punju na paa nunga kule Unguja, popo wakubwa huku kwetu, na kando ya hivyo vyote watu wanaovitegemea kila siku kwa kuni, kitoweo na fedha ya matumizi.

Hapo kwenye watu ndipo ninapotaka kijana asimame na kufikiri sana. Popo wa Pemba, ambaye haishi kwa asili pahala pengine popote duniani, alikaribia kutoweka kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya kuwindwa kwa bunduki na kukatwa kwa misitu anamolala. Idadi yake iliongezeka tena baada ya wanavijiji kushirikishwa na kuunda vikundi vya kuwalinda popo katika miti yao, kama wanavyofanya wenyeji wa Kidike, ambako wageni hulipa kiingilio ili kuwaona. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 nayo imefungua mlango kwa jamii kusimamia misitu yao kwa makubaliano na serikali. Kwa hiyo afisa wa uhifadhi wa visiwani anahitaji kujua namna ya kuitisha kikao kupitia kwa sheha, kutembea na wazee kwenye mpaka wa msitu hadi wakubaliane, kuandika sheria ndogo ambazo watu watazitii, na kusuluhisha ugomvi baina ya wakata kuni na walinzi bila ya kumdhalilisha yeyote. Kiulizwe chuo kama kinafundisha uhifadhi shirikishi kwa somo kamili, na kama wanafunzi hukaa kijijini muda wa kutosha kusikia malalamiko ya watu. Huko Ruvuma kipo chuo cha Likuyu Sekamaganga, kilichoanzishwa mahsusi kwa uhifadhi unaofanywa na jamii, ambacho vijana wetu wengi hawajawahi hata kukisikia.

Vipeperushi vya vyuo vyote vinafanana, kwa hiyo mtafute mwanafunzi aliyemaliza na umuombe akuonyeshe daftari lake la fildi. Angalia kama alipima miti kwa mkono wake. Mti wa kawaida hupimwa kipenyo kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, lakini mkoko, kwa vile husimama juu ya mizizi yake, hupimwa juu ya mzizi ulio juu kabisa. Mwanafunzi aliyewahi kuingia kwenye tope atakueleza jambo hilo bila ya kuulizwa mara mbili. Daftari lililojaa maelezo ya ziara za mbugani tu, bila ya vipimo wala majina ya vijiji, linatosha kukutia shaka.

Uliza pia kama chuo kinamruhusu mwanafunzi kufanya fildi nyumbani. Mimi niliruhusiwa, na mpaka leo naliona jambo hilo kuwa lenye faida kuliko yote niliyoyapata chuoni, kwa sababu watu niliofahamiana nao wakati ule ndio ninaofanya kazi nao sasa. Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, msitu wa Ngezi, visiwa vya Misali na Chumbe, na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Buyu ni madarasa ambayo wageni huyafuata kutoka mbali.

Kuhusu usajili sitarefusha maneno. Hakikisha chuo na kozi vinatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na kwamba stashahada yake ni ya daraja la 6 katika ngazi za baraza hilo. Ukikusudia shahada, jua tangu siku ya kwanza kwamba Tume ya Vyuo Vikuu huwataka waombaji wenye stashahada wawe na wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Nimeona vijana hodari wakizuiliwa na pointi chache kwa kuwa hakuna aliyewaambia mapema. Kwa upande wa fedha, wazee wasiangalie ada peke yake: michango ya fildi, mabuti na nauli ya boti vinaongeza mzigo, na ni bora chuo kivitaje kwa maandishi.

Kwa wazazi wa wasichana nina ombi. Kamati zetu zinawahitaji mno, kwa sababu wanawake wanaochokoa pweza na kulima mwani husema ya moyoni wanapokaa na mwanamke mwenzao, na bado maafisa wanawake ninaokutana nao ni wachache. Hofu ya mzazi ni ya haki, na dawa yake ni kuulizia: dakhalia ya wasichana ikoje, kambini wanalala wapi, na ni mkufunzi gani mwanamke anayefuatana nao. Pigeni simu chuoni muulize hayo kabla ya kutuma maombi.