Kijana hatulii mkimvizia kulungu: kilichotusaidia mimi na mwanangu

Mkuu, umesema Jumamosi ya kwanza ya msimu ulikaa porini saa nne nzima na mwanao wa miaka 13, akawa anageuka, anajikuna, anafungua na kufunga zipu, mkarudi hamjaona hata mkia. Sasa unafikiria umwache nyumbani hadi akue. Nakuomba usimwache. Nimeyapitia hayo hayo na wangu hapa Pennsylvania, Marekani.

Mwaka wa kwanza alikuwa na miaka 12. Sheria ya hapa inamruhusu mtoto wa umri huo kuwinda akishamaliza kozi ya uwindaji, mradi awe na mzazi, mlezi au ndugu mtu mzima. Msimu wa bunduki wote mnavaa rangi ya chungwa kali, inchi za mraba 250 kwa jumla kichwani, kifuani na mgongoni. Tulitimiza yote. Tukaingia porini saa kumi na moja alfajiri, tukaketi kwenye shina la mwaloni, na kufika saa mbili nilikuwa nimeshamnong'oneza "tulia" mara nyingi mno. Saa tatu akaniambia, "Baba, miguu siisikii." Nikamvua buti. Soksi za pamba zilikuwa chapachapa kwa jasho la kupanda kilima, vidole vimekuwa baridi kama vya maiti. Niliviweka kwapani mwangu, ndani ya koti, hadi vikapata moto, na muda wote huo sikuwa na la kumwambia. Mtoto alikuwa anaumia, na mimi nilikuwa namgombeza.

Kwa hiyo anzia miguuni. Mnunulie soksi za sufu, mbili kama buti linaruhusu. Koti zito alibebe begini na alivae mkishaketi, maana akipanda nalo atafika amelowa na baridi itamkuta hapo hapo. Mtembee polepole, hata kama itabidi muamke mapema zaidi. Mkifika, fagia majani makavu kwa buti mpaka udongo uonekane, mahali pote miguu yake itakapofika, ili akisogeza kisigino kusitoke sauti. Mpe kiti kifupi chenye egemeo. Mzizi wa mti ni mateso hata kwangu.

Pia mweleze mnyama mwenyewe, kwa sababu kijana akijua sababu hahitaji kukumbushwa. (Huyu wa huku, white-tailed deer, tunamwita kulungu kwa mazoea tu. Kulungu wa kwetu Afrika ni jamii ya swala na pembe zake ni za kudumu. Dume wa huku hudondosha pembe kila majira ya baridi na kuota nyingine.) Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka. Rangi ya chungwa kwake imefifia, haimshtui. Buluu ndiyo anayoiona vizuri, kwa hiyo jinzi ni mbaya kuliko kizibao chenu kinachong'aa. Ila kitu kinachosogea hakimpiti. Na pua yake inamaliza kazi kabla ya macho: upepo ukitoka kwenu kwenda kwake, hata mkikaa kama mawe mmepoteza siku. Wangu nilimpa kichupa cha unga mwepesi wa kupimia upepo, nikamwambia hiyo ni kazi yake na mimi nitakaa anakoamua. Alibadilika kuanzia hapo.

Jambo lililotusaidia kuliko yote nililipata kwa babu. Nikiwa mdogo tulikuwa tukilinda mahindi usiku dhidi ya nguruwe pori, kule Mbinga. Babu hakuwa anasema kitu. Alikuwa anakugusa goti. Mwaka wa pili nikaacha kunong'ona kabisa, tukakubaliana na mwanangu: kugusa goti mara moja, kuna kitu nasikia, mara mbili, namwona. Upande wa kulia ni wake peke yake, mimi siuangalii. Akishajua kwamba kule hakuna macho mengine, anaangalia kweli. Nilimfundisha pia kusikiliza majani. Kindi anaruka haraka haraka, anasimama, anaruka tena, na kelele yake inazidi mwili wake. Kulungu anakanyaga kama mtu anayetembea gizani: hatua, hatua, kimya kirefu.

Basi siku moja, saa mbili na kitu, akanigusa mara mbili. Jike, kama hatua 40 hivi. Hatukuwa na kibali cha jike, kwa hiyo hakukuwa na la kufanya zaidi ya kutazama. Akatuona kama kitu asichokielewa. Akapiga mguu wa mbele chini, mara moja, tena. Akainamisha kichwa kama anayekula, ghafla akakiinua. Huo ni mtego, mkuu, mwambie mwanao mapema: anajifanya anakula ili mjitingishe. Pembeni yangu niliona kamasi jembamba limening'inia kwenye ncha ya pua ya mwanangu, linatetemeka kwa pumzi yake, na hakulifuta. Mikono ilibaki mapajani. Yule jike alirudia mara tatu, kisha akatikisa mkia, akaanza kula mbegu za mwaloni kwa kweli. Alipoondoka, mtoto alipumua kama aliyetoka majini.

Simu wengi mnaizungumzia. Mimi yangu inabaki begini na yake pia, nasi tunazitoa saa nne asubuhi tukipumzika. Ukiiangalia yako mara moja tu, yake huwezi kuizuia.

Na kuhusu muda: saa nne ni nyingi kwa kuanzia. Kaa naye saa moja na nusu, kuanzia mwanga wa kwanza unaoruhusiwa, nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kisha muondoke akiwa bado anatamani kubaki. Mwache yeye aseme, "Baba, dakika kumi tena." Bunduki ishike wewe msimu huu, yeye ashike darubini, mikono yenye kazi haijikuni. Wangu aliipokea mwaka uliofuata. Dume wake wa kwanza alipotokea alimlenga, akashusha mtutu, akanionyesha kwa kidole kijiti kilichokuwa mbele ya bega la mnyama. Tulimtazama mpaka akapotea bondeni, na mwanangu akageukia upande wake wa kulia akaendelea kungoja.

Niandikie hapo mnapokaa upepo wa asubuhi unatokea wapi, na kama ni bondeni au juu ya kilima.