Mtani alipojilaza kaburini

Baba tulimzika Peramiho. Kaburi lilishachimbwa, jeneza liko njiani, mara mzee mmoja Mhehe akashuka shimoni, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe chake. Alikuwa amevaa koti la marehemu na kushika fimbo yake. Akakohoa vilevile alivyokuwa akikohoa baba. Mama, ambaye siku tatu hakuwa ametamka neno, akacheka huku machozi yanamtiririka.

Rafiki yangu aliyekuja kutoka Nairobi alitaka kumtoa kwa nguvu. Nikamshika mkono. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani, nikamwambia, makabila yaliyoruhusiana kutaniana bila kukasirikiana, hata msibani. Mababu zetu walipigana vita vikali tangu 1878, hakuna aliyemmaliza mwenzake. Leo kila upande unadai ni wale wengine waliokimbia, na tunakula sahani moja.

Ila kuna jambo rafiki yangu hakuliona. Mzee yule alifika alfajiri, na waliochimba kaburi lile ni yeye na wanawe. Utani wa kweli una kazi ndani yake.

Mjini tunaisahau kazi, tunabaki na maneno. Nami nimekosea hivyo. Ofisini nilimtania dada mmoja kwa kabila lake, kabila nisilo na utani nalo. Wenzetu wakacheka, yeye akainamia karatasi zake. Wiki mbili salamu yangu aliijibu kwa shida. Nikamfuata nyumbani, nikamwomba radhi mbele ya mama yake, kisha nikamwomba anisimulie habari za kwao. Tulikaa mpaka giza likaingia. Kumbe neno lile ndilo alilozomewa nalo shuleni tangu darasa la kwanza.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeishi na watu wa makabila na dini nyingine, usianze na mzaha, anza na swali. Uliza kwao wanazikaje, mgeni anapokewaje, mbele ya mkwe kipi hakisemwi. Muulize mwenyewe, si wanaomsimulia. Akikwambia neno fulani linamuuma, usibishane naye kuwa ni utani tu, liache. Na kama kweli mna utani, utumikie: msiba ukimfika, nenda na jembe.

Yule rafiki wa Nairobi jioni ile alimsogelea mzee Mhehe, akamuuliza maswali mpaka usiku wa manane. Asubuhi niliwakuta wawili hao wakikunja turubai.