Jibu: Saturn V na roketi kubwa za leo

Ndugu wa Jinja, umeuliza kama roketi za leo zimeipita Saturn V iliyopeleka watu mwezini. Kwa nguvu, ndiyo. Saturn V iliondoka kwa injini 5. Starship, roketi ya kampuni ya SpaceX ya Marekani, huwasha 33, na msukumo wake ni karibu mara mbili. Lakini kinachonisisimua zaidi ni kile kipande cha chini. Cha Saturn V kilianguka Atlantiki, basi. Cha Starship, tarehe 13 Oktoba 2024, kilirudi Texas kikishuka wima, moto ukiwaka chini, kikadakwa na mikono miwili ya mnara! Wasovieti nao walijaribu injini 30 kwenye N1, roketi yao ya kwenda mwezini, ikafeli mara zote 4. Setelaiti yetu ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilipandishwa na Antares mwaka 2022, roketi ndogo sana mbele ya hizi.