Mtoto hatulii mchezoni: nimpime mawimbi ya ubongo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miezi 10. Nikimpa mdoli anauangalia kidogo tu, anageukia kingine. Nimesikia mama na mtoto wakicheza vizuri mawimbi ya ubongo wao hulingana. Kuna kijana anapita na mashine, unashika chuma mkononi, inasema kama mmelingana. Anauza na matone ya kukuza akili. Nimlipe? – Mama K., Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba. Usimlipe. Chuma cha mkononi hakipimi ubongo wa mtu mmoja, sembuse wa wawili kwa mpigo. Umeme wa ubongo unaofika kwenye ngozi ya kichwa hupimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni ya volti. Watafiti huwavika mama na mtoto kofia zenye vihisio, huoanisha saa za rekodi zote mbili na video, kisha huipitia video polepole waone nani alitazama nini, lini. Mtoto akinyonya kidole au akitikisa kichwa, umeme wa misuli huufunika ule wa ubongo. Kipande hicho hutupwa.

Linalonichosha zaidi ni hiyo “kulingana”, ambayo watu wameigeuza cheti cha mapenzi. Bodaboda ikipita nje, mawimbi yenu yanaweza kufanana kwa sababu tu mmesikia mlio mmoja. Ndiyo maana mtafiti makini huchukua rekodi ya mama na kuilinganisha pia na ya mtoto wa mama mwingine aliyesikia milio hiyohiyo. Mfanano ukiwa uleule, hana cha kutangaza. Na hata ukizidi, huo ni wastani wa kundi. Hakuna alama ya kufaulu kwa mama mmoja mmoja. Isitoshe, mwanasaikolojia Edward Tronick, anayejulikana kwa majaribio ya miaka ya 1970 ya mama kumkazia mtoto uso mkavu, alionyesha kuwa hata katika mchezo wa kawaida mama na mtoto hupotezana mara kwa mara, kisha hurudiana. Huko kurudiana ndiko kunakomjenga mtoto.

Kuhamahama kwa mwanao ni kwa umri wake. Watafiti Chen Yu na Linda Smith walifuatilia macho ya wazazi na watoto wakicheza: mzazi alipokitazama kitu kilekile, mtoto alidumu nacho zaidi. Basi zima redio, ketini mkekani mkitazamana, weka vitu viwili tu, mfano kopo la plastiki na mwiko. Mwache achague. Kitazame alichochagua, kitaje, kisha nyamaza sekunde tano hadi kumi. Wengi huharibu hapa kwa kuleta kitu kipya. Akigeuza uso, usimvute kidevu, ngoja. Karanga na zabibu nzima (na Dodoma hazikosekani) ziwe mbali, zinapalia.

Matone ya akili achana nayo. Upungufu wa madini chuma ndio unaodhoofisha ubongo unaokua, na uji mtupu hauutibu. Mpe maini, dagaa wa kusaga, maharage. Simu pia mwekee mbali: Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 lilishauri mtoto chini ya mwaka mmoja asitazamishwe skrini kabisa.

Asipogeukia sauti yako, asipokutazama usoni, asipokaa bila kushikiliwa, au akipoteza alichokwisha kukijua, nenda kliniki na kadi yake. Hospitalini kipimo cha mawimbi ya ubongo hutumika zaidi panapohisiwa kifafa, si kupima malezi. Hasara ya hawa wapita njia si fedha peke yake: mtoto asiyesikia hunyweshwa matone miezi sita, huku miezi hiyohiyo ndiyo aliyopaswa kupimwa masikio na kuanza kusaidiwa kupata lugha.