Fundi Anajibu: Betri na Chaja za Boti Ndogo ya Uvuvi

SWALI: Ndugu Fundi, pokea salamu kutoka Kilwa Kivinje. Mimi na mdogo wangu tuna boti ya faiba ya mita saba ambayo tunavulia dagaa usiku, wakati wa giza. Karabai tumeshaziacha, na sasa tunatumia taa nne za LED za wati 20 kila moja, ambazo huwaka tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Betri yetu ni ya gari, ya ampea-saa 70. Siku za mwanzo ilitufaa, lakini sasa taa hufifia hata kabla ya saa nane usiku. Mwenye duka anatuambia tuchukue betri ya gari iliyo kubwa zaidi. Jamaa mwingine anatusisitizia lithiamu, ambayo bei yake inatutisha. Tunachaji kwa jenereta ndogo iliyopo pwani, saa tatu au nne kila mchana. Tununue betri ipi, na chaja ya namna gani?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenye duka amekutajia betri kabla hajakuuliza taa zako zinakula kiasi gani na betri unaichaji vipi, na hayo mawili ndiyo yanayoamua kila kitu. Taa nne za wati 20 ni wati 80. Ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 6.7, na kwa saa kumi za usiku mzima hizo ni ampea-saa 67 hivi. Kwa hiyo betri yako ya ampea-saa 70 imekuwa ikikamuliwa karibu yote kila usiku, kazi ambayo haikuundwa kuifanya.

Betri ya gari ina bamba nyingi nyembamba za risasi, kwa sababu inatakiwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe upya papo hapo. Ikitumika polepole hadi ikauke, usiku baada ya usiku, unga ulio juu ya bamba hulegea na kudondoka chini ya betri, na uwezo wake hauwezi kurudi kwa chaja yoyote. Betri kubwa zaidi ya aina hiyohiyo itakufa kifo kilekile, ila itachelewa kidogo. Ukitaka kubaki na betri za risasi, ulizia ile ambayo mafundi wengi huiita betri ya sola, yenye bamba nene zinazostahimili kutumika kwa kina. Hata hiyo haipendi kushuka chini ya nusu. Ampea-saa 67 zikiwa ndiyo nusu, unahitaji betri ya ampea-saa 134 au zaidi, yaani kwa saizi za sokoni ni 150, na hiyo ina uzito wa kilo 40 au zaidi. Fikiri jinsi mtakavyoishusha kila asubuhi na kuivusha kwenye tope maji yakiwa yamekupwa.

Lithiamu inayofaa botini ni ile ya fosfati ya chuma, inayoandikwa LiFePO4, wala si zile za simu na kompyuta, ambazo hushika moto kwa urahisi zaidi. Unaweza kutumia asilimia 80 ya uwezo wake bila kuiumiza, kwa hiyo ya ampea-saa 100 inawatosha na kubakiza akiba, na uzito wake ni kilo 10 hadi 13 tu. Mkivua usiku 20 kila mwezi, mnaitumia na kuichaji mara 240 kwa mwaka. Betri nzuri ya sola inayotumika hadi nusu huhimili mizunguko mia kadhaa, pengine miaka miwili kwenu. Lithiamu halisi huhimili mizunguko zaidi ya 2,000. Ukiigawa bei kwa miaka, tofauti inayokutisha dukani inapungua sana.

Lakini hoja iliyonishawishi zaidi katika barua yako ni jenereta. Betri ya risasi hupokea umeme kwa pupa mwanzoni, na ikifika kama asilimia 80 huanza kuukataa, hata uwe na chaja kubwa namna gani. Sehemu iliyobaki huchukua saa tatu, nne au zaidi, mkondo ukipungua kidogo kidogo. Kwa saa zenu tatu za jenereta, betri hiyo ingekuwa inakwenda baharini haijajaa kila siku. Risasi isiyojazwa hadi mwisho hujengeka fuwele za salfeti juu ya bamba, na fuwele hizo zikishakuwa ngumu hazitoki tena. Lithiamu hupokea mkondo uleule karibu hadi mwisho: chaja ya ampea 20 itazirudisha zile ampea-saa 67 kwa saa tatu na nusu hivi, ambazo ndizo saa mlizo nazo. Kwa hali yenu, basi, mimi ningenunua lithiamu ya ampea-saa 100 na chaja ya ampea 20 hadi 30.

Chaja iwe na mpangilio wa LiFePO4 ulioandikwa waziwazi, ikomee kati ya volti 14.2 na 14.6, na isiwe na ule mtindo wa kupiga volti 15 na zaidi kwa ajili ya "kufufua" betri za risasi, kwa kuwa kinga ya ndani ya lithiamu itajifunga au itaharibika. Msichajie kutoka kwenye tundu la volti 12 lililo kwenye jenereta. Tundu hilo kwa kawaida hutoa ampea 8 hivi na halina udhibiti wa maana. Chomekeni chaja kwenye tundu la volti 230. Chaja ya ampea 20 hula wati 350 hivi, mzigo ambao jenereta ya kilowati moja haiuoni.

Ikiwa fedha haijapatikana, nunueni betri mbili za sola za ampea-saa 75 zilizo za aina moja, umri mmoja na siku moja ya kununuliwa, mziunganishe sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Kila moja hubebwa na mtu mmoja. Kwa hizo chaja iwe ya ampea 15 hadi 25, na jenereta ikishazimwa, paneli ya sola ya wati 100 pamoja na kidhibiti chake imalizie kazi hadi jioni. Mkitaka kuachana kabisa na jenereta, hesabuni paneli za wati 230 hadi 250 kwa mzigo wenu, kwa kuchukulia saa tano za jua kali na upotevu wa kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo wavuvi wa dagaa wanalisahau. Mbalamwezi ikija, boti inapumzika wiki nzima au zaidi, na betri inaachwa kama ilivyorudi alfajiri ya mwisho. Kwa betri ya risasi, mapumziko hayo ikiwa nusu tupu yanaiumiza kuliko kazi yenyewe, hasa katika joto letu, maana kila nyuzi 10 juu ya nyuzi 25 za Selsiasi hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Ijazeni kabisa siku ileile mnayopandisha boti, muitoe juani, na baada ya siku mbili tatu muipime kwa mita: volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 ni nusu, na 11.9 tayari mmeichelewesha. Lithiamu haina taabu hiyo. Inaweza kukaa hata ikiwa nusu, mradi nyaya zote zimechomolewa.

Mkienda kununua, inueni betri kabla ya kusoma karatasi iliyobandikwa juu yake. Betri ya risasi inayodai ampea-saa 100 lakini ina kilo 15 inadanganya, kwani ya kweli huwa na kilo 25 hadi 32. Kwenye lithiamu tafuteni maandishi ya volti 12.8 na wati-saa 1,280, na mdai ijaribiwe kwa taa zenu wenyewe huku mkitazama saa. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, muacheni na betri yake.

Botini, iwekeni betri karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, juu ya maji ya ngama yanayojikusanya chini, ndani ya sanduku la plastiki lililofungwa kwa mikanda kwenye mataruma ili lisihame mawimbi yanapopiga. Fyuzi iwe ndani ya shubiri moja kutoka kichwa cha chanya. Kwa taa zenu ya ampea 10 inatosha. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, milimita za mraba 2.5. Kwa umbali wa mita nne kutoka betri hadi taa, waya huo unapoteza volti 0.4 hivi, ule wa 1.5, ambao mafundi wengi wanauweka kwa kuwa ni rahisi, unapoteza zaidi ya 0.6. Kuhusu nguvu ya taa zinazoruhusiwa katika eneo lenu, muulizeni afisa uvuvi au BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kabla hamjaongeza taa ya tano.

SWALI: Mheshimiwa Fundi, sisi ni wavuvi wa dagaa hapa Ukerewe. Betri zetu ni za maji, na tunazichajisha kijijini kwa mwenye umeme wa TANESCO. Hazimalizi mwaka. Zikipungua maji tunaongeza asidi ili zipate nguvu, na dharura ikitokea tunaongeza ya ziwani. Je, tunakosea?

JIBU: Ndiyo, ndugu zangu, kwa yote mawili. Wakati wa kuchaji, kinachotoka kwenye betri ni maji peke yake, yanayovunjika kuwa haidrojeni na oksijeni. Asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi unaifanya kuwa kali kupita kiasi, na inaanza kula bamba na vitenganishi vyake. Maji ya ziwani nayo yana madini yanayochafua risasi na kuifanya betri ijimalize yenyewe hata ikiwa imekaa tu. Ongezeni maji yaliyotoneshwa tu, baada ya kuchaji na si kabla, hadi yafunike bamba kwa kiasi cha sentimita moja. Madukani chupa za asidi na za maji hufanana, hivyo someni maandishi kabla ya kufungua kizibo.

Nunueni pia haidromita, kile kipimo cha kioo chenye mpira wa kuvutia juu, kinachoonyesha uzito wa asidi. Pimeni vyumba vyote sita vya betri iliyojazwa na kupumzishwa. Chumba kimoja kikiwa chini ya vingine kwa 0.050 au zaidi, hata baada ya kuchajiwa muda mrefu, chumba hicho kinakufa, na fedha ya kuendelea kuichaji betri hiyo ni bora iwekwe akiba kwa ajili ya nyingine.

Kuhusu huyo mwenye umeme, mwombeni awaonyeshe chaja yake. Nyingi za vijijini ni transfoma na diodi tu, hazijui kuacha: hupeleka volti 15 au 16 usiku kucha hadi betri inachemka, na ndiyo sababu maji yenu yanakwisha upesi. Chaja nzuri hupanda hadi volti 14.4 au 14.7, hukaa hapo hadi mkondo upungue, kisha hushuka hadi kama 13.6 na kushikilia. Mkishirikiana wenye mitumbwi minne au mitano mnaweza kununua moja ya namna hiyo mkamkabidhi. Chumba cha kuchajia kiwe na madirisha wazi, pasiwe na jiko wala sigara, na asilale mtu humo, kwa kuwa haidrojeni hulipuka kwa cheche ndogo sana. Chaja izimwe kwanza ndipo koleo zitolewe kwenye vichwa vya betri.

SWALI: Fundi, niko Shimoni, Kenya. Boti yangu ina injini ya kupachika yenye stata ya umeme na koili ya kuchaji ya ampea 6. Ninatumia kipima kina, redio ya VHF na taa za kuongozea boti. Je, nibadilishe betri ya kuwashia niweke lithiamu, ili nisihitaji chaja tena?

JIBU: Bwana msomaji, usiibadilishe. Ampea 6 hizo hupatikana injini ikikimbia. Ukitembea taratibu na mishipi majini hupungua sana. Kipima kina hula ampea moja hivi, redio ikisikiliza hula nusu ampea, na ikitangaza kwa wati 25 hufika ampea 5 au 6 kwa muda huo mfupi. Kwa siku nzima ni ampea-saa 15 au kidogo zaidi, mzigo ambao betri ya AGM (ya risasi iliyofungwa, isiyoongezwa maji) ya ampea-saa 40 au 50 iliyotengwa na ya kuwashia inaubeba bila wasiwasi, ukiichaji nyumbani jioni kwa chaja ya ampea 5 au 8 yenye mpangilio wa AGM. Ya kuwashia iache peke yake, ili siku vifaa vikitumika kupita kiasi injini bado iwake.

Sababu ya pili ni ya kiufundi. Lithiamu ikijaa au ikipata joto, kinga yake ya ndani hujikata ghafla, na koili iliyokuwa ikisukuma mkondo inabaki haina pa kuupeleka. Volti inaruka juu papo hapo na kuunguza regyuleta ya injini, pengine na redio pia. Hatari ni ileile ukichomoa betri yoyote injini ikiwa inazunguka, kwa hiyo mkataze kijana wako kugusa vichwa vya betri kabla hujazima ufunguo. Ukiitamani lithiamu kwa ajili ya vifaa, iweke kama betri ya pili, uichaji nchi kavu kwa chaja yake, na usiiunganishe sambamba na ya risasi.